Mwandishi wa Kujitegemea katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Mara nyingi wanafunzi wa shule za sekondari huwauliza walimu wao kama mtu aweza kupata riziki yake kwa kalamu. Swali hili si la kupuuzwa. Seremala hujulikana kwa meza na vitanda vyake, mvuvi kwa samaki wake, na mkulima kwa ghala lake. Lakini kazi ya mwandishi haionekani kwa urahisi, na malipo yake huonekana kwa shida zaidi. Katika insha hii tutalitazama swali hilo kwa njia ya historia. Hatutasema habari za washairi wala za watunzi wa hadithi za kubuni, ambao wamekwisha kuandikiwa mengi. Tutasema habari za wale walioandika mambo ya kweli kwa lugha ya Kiswahili: desturi za watu, safari, historia za makabila, na maisha ya watu mashuhuri.

Mwandishi wa kujitegemea ni yule asiyeajiriwa ili aandike. Hutafuta habari mwenyewe, huandika kwa wakati wake, kisha huwauzia kazi yake wanaoihitaji. Tutaona kwamba katika historia yetu watu wa namna hii walikuwa wachache, na kwamba karibu wote waliishi kwa kazi nyingine. Basi jambo kubwa la kuuliza si kama kalamu peke yake iliwalisha. Jambo kubwa ni hili: kazi yao ilipokwisha kuandikwa, ilikuwa mali ya nani?

Mwanzo wa maandishi ya nathari

Kabla ya kuja kwa mitambo ya kupiga chapa, watu wa pwani walikuwa na ufundi wa kunakili vitabu kwa mkono. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulipata sifa kwa misahafu iliyonakiliwa huko. Mwenye kunakili alikuwa fundi kama mafundi wengine. Ushairi nao ulikuwa na heshima yake na wafadhili wake. Lakini nathari, yaani maandishi ya mjazo yenye kueleza habari za nchi na watu, haikuwa na soko. Ilipata soko pale tu wageni walipotaka kuijua nchi.

Mfano ulio wazi ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyezaliwa Dunda, katika nchi ya nyuma ya Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Wakati huo Mjerumani Carl Velten alikuwa akikusanya maandishi ya Waswahili. Mwaka 1901 alitoa kitabu cha safari, ambacho ndani yake mna habari za Selim bin Abakari, aliyefika mpaka Urusi na Siberia. Mwaka 1903 kikatoka kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili, kilichochapishwa Göttingen. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilikuwa kazi ya Mtoro, naye alisaidiwa na wenzake. Ndani yake mna habari za kuzaliwa kwa mtoto, unyago, ndoa, ngoma, kilimo, deni, utumwa na maziko, zote zikielezwa na mtu azijuaye kwa kuziishi.

Hata hivyo, jina lililotangazwa juu ya kitabu lilikuwa la Velten. Mtoro alikuwa na mshahara wa kufundisha, na mshahara huo ulipokwisha, hakuwa na haki ya kudai chochote katika kitabu. Alioa mwanamke wa Kijerumani, akajaribu kurudi naye nyumbani, lakini serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam. Akarejea Ujerumani. Huko aliishi kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika ya Mashariki, akisafiri mji hata mji, na kwa miaka kadhaa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifundisha Hamburg pamoja na Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa mwaka 1981, na safari hii jina la Mtoro likawekwa mahali pake. Ilikuwa imepita miaka 78.

Twaweza kusema kwamba Mtoro alikuwa mmoja wa waandishi wetu wa kwanza wa kujitegemea, ingawa hakuchagua kuwa hivyo. Elimu yake haikupungua thamani hata siku moja. Kilichopungua ni hati ya kuonyesha kwamba elimu ile ni mali yake. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Magazeti na shule

Mlango wa pili ulifunguliwa na magazeti. Wamisheni wa Unguja walianza kutoa Msimulizi mwaka 1888. Wajerumani wakatoa Kiongozi huko Tanga mwanzoni mwa karne ya ishirini, na serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo mwaka 1923. Katika kurasa hizo walimu, makarani na wanafunzi waliandika habari za mahali pao. Magazeti hayo yaliwapa wananchi mazoezi ya kuandika kwa ufupi, kwa tarehe, na kwa wasomaji wasiowajua. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya mwandishi wa nathari.

Kutoka magazetini baadhi yao waliingia katika vitabu. Mwaka 1932 Martin Kayamba, karani mkuu wa serikali, alichapisha habari za safari yake ya Uingereza. Mwaka 1934 James Mbotela, mwalimu aliyekulia miongoni mwa watu waliokombolewa utumwani huko Freretown, Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa. Vitabu vyote viwili vilipigwa chapa London na Sheldon Press, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa hasa mtoto wa shule. Tangu wakati huo soko la mwandishi wa maarifa likafungamana na darasa. Jambo hili lilikuwa na faida, maana shule hununua vitabu vingi kwa pamoja. Lakini lilikuwa na hatari pia, kama tutakavyoona.

Shaaban Robert, karani na mwandishi

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, hufundishwa shuleni kama mshairi na mtunzi wa riwaya. Sisi hapa twamtazama kama mwandishi wa insha na wasifu. Aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na kudumu humo mpaka mwaka 1944. Baadaye alitumikia idara nyingine za serikali, na miaka yake ya mwisho kazini aliimaliza katika ofisi ya upimaji, Tanga. Kwa miaka zaidi ya thelathini mshahara wa ukarani ndio uliomlisha, na kalamu ikapewa muda uliobaki.

Hata hivyo alifanya kazi yake ya uandishi kwa mpango. Hakumtegemea mchapishaji mmoja. Kielezo cha Insha kilitolewa Johannesburg mwaka 1954. Maisha Yangu kilitolewa na Nelson wa London mwaka 1949. Na Insha na Mashairi kikachapwa Tanga kwenyewe mwaka 1959. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, ulitokea mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa mwaka 2002, ni ushahidi mwema kwa kila atakaye kujua jinsi mwandishi alivyohangaikia miswada yake na maisha ya nyumba yake kwa pamoja.

Hapa pana fundisho. Shaaban Robert hakungoja aache ukarani ndipo aanze kuandika. Ukarani ulimpa uhuru wa kumkatalia mchapishaji, kwa sababu chakula cha watoto hakikutoka kwa mchapishaji. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; na mwandishi amtegemeaye mnunuzi mmoja ni katika hao.

Mathias Mnyampala na kazi iliyozaa kitabu

Mwenzake Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, alikwenda mbele hatua moja. Yeye aliigeuza kazi yake ya mshahara iwe chemchemi ya utafiti. Alikuwa karani, kisha hakimu, na kazi hizo zilimkutanisha na wazee, na kesi, na mirathi, na mipaka ya ardhi. Mwaka 1954 Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Kitabu alichoshirikiana na Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa, Historia ya Kiswahili, kilitolewa na Oxford mwaka 1977. Chiraghdin alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyekishika mkononi kitabu kilichokwisha chapwa, ambacho kimewafaa walimu na wanafunzi wa vizazi vilivyofuata. Ndipo tuonapo kwamba mkataba si karatasi ya mwandishi peke yake. Ni karatasi ya warithi wake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka haki ya mwandishi idumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini sheria humlinda yule aliyesoma alichotia sahihi.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulilipanua soko la maarifa kuliko wakati wowote uliotangulia. Tanzania Publishing House iliundwa mwaka 1966, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu vya afya. Hapo ilidhihirika kwamba maandishi ya kweli, yakiandikwa kwa lugha nyepesi juu ya jambo linalowagusa watu, hupata wasomaji hata vijijini.

Lakini soko hilo halikutulia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karatasi zilikuwa adimu. Mwaka 1991 serikali ilianza kuwaachia wachapishaji binafsi kazi ya vitabu vya shule, na baadaye ikabadili tena utaratibu. Kila badiliko liliwapata vibaya wale waliokuwa na kitabu kimoja, kwa mnunuzi mmoja, kwa muhula mmoja.

Mafunzo ya historia hii

Kutokana na hayo twaweza kuwaeleza vijana mambo manne. Kwanza, mwandishi wa kujitegemea achague eneo la elimu na alijue kwa undani, kama Mtoro alivyoijua Bagamoyo na Mnyampala Ugogo. Mtu huyo hutafutwa, hatafuti. Pili, utafiti mmoja uzae matunda mengi: makala ya gazeti, kipindi cha redio, mhadhara, na mwisho kitabu. Tatu, asiache kazi ya mshahara mpaka mapato ya kalamu yawe yamejaribiwa kwa miaka, si kwa mwezi mmoja mwema. Naye aweke akiba, kwani mrabaha huja kwa kuchelewa. Nne, atunze nakala, tarehe na mikataba, wala asiuze haki yake yote kwa malipo ya mara moja.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anapoagizwa kukusanya historia ya kijiji chake, na afundishwe kuandika jina la kila mzee aliyempa habari, na jina lake mwenyewe chini ya kazi yake. Utamaduni wa taifa hautunzwi kwa kuhifadhi maneno tu na kuwasahau waliyoyasema na waliyoyaandika. Haki ambayo Mtoro aliikosa kwa miaka 78, kijana wa leo aweza kuanza kuilinda katika daftari lake la shule.