Gofu na Pagale: Mashine Zenye Akili na Maarifa ya Vitongoji vya Dar es Salaam

Tangu maneno "akili bandia", "akili mnemba" na "akili unde" yaanze kushindana katika magazeti yetu, mashine zinazojifunza husemwa kana kwamba ni mgeni asiyepata kupiga hodi katika nchi hii. Kusema hivyo ni kuisahau historia. Mji wa Dar es Salaam umekwisha kukaa na mashine za kuhesabu kwa miaka ipatayo 60, na vitongoji vyake vimepigwa picha na kuandikwa kwa msaada wa mashine zaidi ya mara moja. Makusudio ya makala haya ni kuipitia historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba mashine inapoingia katika maisha ya watu, swali la kwanza halihusu nguvu zake. Swali la kwanza ni hili: nani aliyeipa majina ya vitu inavyovitambua?

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliundwa Dar es Salaam mwaka 1964. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Kufikia mwaka 1974 kompyuta zilikuwa 7 tu, lakini jaribio la kuziweka hesabu za Hazina katika mashine lilikuwa limekwisha kuharibika. Mashine na utaratibu wake vilitoka nje, na wenyeji waliovifahamu vema walikuwa wachache. Mwaka huo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1990. Leo ni rahisi kuyacheka. Hata hivyo, hapana budi tukiri kwamba yalitokana na jambo la kweli: mashine ilikuwa imekabidhiwa kazi ya nchi, na nchi haikuwa na watu wa kutosha wa kuihoji.

Marufuku yalipokwisha, lugha nayo ilitakiwa kufanya kazi yake. Wengine waliiita mashine hiyo "tarakilishi", wengine "ngamizi", na watu wengi wakashika "kompyuta". Desemba 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuzungumza ndani ya mashine. Lakini maneno yaliyotafsiriwa yalikuwa ya mashine yenyewe: faili, ukurasa, kuhifadhi, kufuta. Maneno ya watu wa mitaani hayakuwa yamehitajiwa bado.

Yalihitajiwa mwaka 2011, pale Tandale, katika Kinondoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka na wakazi wa kata hiyo wakichora njia, mifereji, visima na vyoo, na kuviweka katika ramani iliyo wazi kwa watu wote. Kabla ya hapo, katika ramani nyingi, Tandale ilikuwa kama doa lisilo na maandishi. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa katika mradi wa Ramani Huria, uliochora kata zinazopatwa na mafuriko, na safari hii ndege ndogo zisizo na rubani zilitumika kupiga picha kutoka juu. Ndege iliona mapaa na maji. Haikuweza kuona kwamba hapa ni kwa Mtogole na pale ni Pakacha. Hayo yalisemwa na wenyeji. Majina ya namna hii ni kumbukumbu. Mkwajuni hutaja mti, na Biafra ya Kinondoni hukumbusha vita vya Nigeria, na nchi yetu iliyoitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968. Ramani ile ilifaa kwa sababu macho ya mashine na ndimi za watu vilifanya kazi pamoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilichukuliwa Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vilipigwa picha kwa ndege za namna hiyo, na mwaka 2018 yakafanyika mashindano ya kuifundisha mashine kutambua majengo katika picha hizo yenyewe. Mashine ilifundishwa mafungu matatu: jengo lililokamilika, jengo lisilokamilika, na msingi. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama.

Tuchukue kuta nne zisizo na paa. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam kuta hizo zaweza kuwa gofu, na zaweza kuwa pagale. Gofu ni nyumba iliyokuwapo ikafa. Kunduchi, ndani ya Kinondoni hiyo hiyo, yako magofu ya msikiti wa kale. Pagale, katika usemi wa mitaani, ni nyumba inayongoja kukamilishwa. Kule Mbagala na Chamazi, katika Temeke, mtu hununua matofali apatapo fedha, akasimamisha kuta, akangoja miaka, akaezeka chumba kimoja, akahamia. Twakubali kwamba mipaka ya maneno haya huingiliana vinywani mwa watu, lakini kiini chake ni wazi: gofu hutazama nyuma, pagale hutazama mbele. Ukiziangalia kutoka juu, kuta ni zile zile, na katika yale mafungu matatu gofu halina jina lake.

Huenda msomaji akasema kwamba mashine yaweza kuongezewa fungu la nne. Naam, yaweza. Lakini tofauti yenyewe haimo katika kuta; imo katika nia ya mwenye kiwanja na katika habari azijuazo jirani yake. Picha ya siku moja haina habari hizo. Orodha kama hiyo ikitumika kukadiria kodi ya jengo au fidia ya mtu anayehamishwa, neno moja lililokosewa laweza kumwondolea mtu jasho la miaka kumi.

Jambo hili hili laonekana katika tafsiri. Google ilikiingiza Kiswahili katika mashine yake ya tafsiri mwaka 2009. Kiambishi chetu a- hakibagui mume na mke: "amefika" husemwa kwa wote. Kiingereza hulazimisha uchaguzi, na mashine za tafsiri zimeonekana mara nyingi kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, kwa kufuata mazoea ya maandishi zilizolishwa. Lugha yetu haikusema hivyo. Mashine huiongezea dhana za jamii nyingine, kisha maneno hayo hurudi kwetu katika barua na taarifa kana kwamba ndiyo tuliyosema.

Mwaka 2022 nchi iliandika anwani za makazi, kisha ikahesabu watu kwa vishikwambi. Walipatikana watu 61,741,120, na katika Mkoa wa Dar es Salaam 5,383,728. Karani alishika mashine, lakini aliongozwa na viongozi wa mtaa waliojua nani analala wapi. Desturi hiyo ndiyo iliyo hatarini. Zamani aliyetaka kuujua mtaa alikwenda kumuuliza mjumbe wa nyumba kumi au mzee aliyekaa barazani. Kesho ofisi yaweza kuiuliza picha, na mzee akawa hana la kuulizwa. Mabadiliko hayo ni ya utamaduni, maana yanahamisha heshima ya ujuzi kutoka kwa mtu anayeweza kuhojiwa na kuipa orodha isiyojibu.

Basi, yapasa wanaochunguza Kiswahili watoke maktabani. Msamiati wa mafundi wa ujenzi, wa madalali wa viwanja, wa wajumbe wa mitaa, na majina ya vitongoji pamoja na visa vyake, vikusanywe na kuhifadhiwa sasa, na wenye maneno hayo wapewe nafasi ya kuamua yatumikeje katika kuzifundisha mashine. Mwaka 1974 nchi iliweza kufunga mlango. Mashine za leo huingia kwa simu ya mkononi, wala mlango huo haufungiki tena. Kilichobaki mikononi mwetu ni kuzifundisha maneno yetu kabla hazijatupa yao.