In My Own Time

In My Own Time ni albamu ya pili ya Karen Dalton (1937–1993), mwimbaji wa Marekani wa nyimbo za kiasili na bluzi, na ya mwisho kutoka akiwa hai. Ilitayarishwa na Harvey Brooks, ikarekodiwa Bearsville karibu na Woodstock, na kutolewa mwaka 1971. Dalton hakutunga hata wimbo mmoja humo. Aliimba tungo za wengine zikawa kama zake. Katika wimbo wa jadi “Katie Cruel”, sauti yake yenye mikwaruzo, inayofananishwa mara nyingi na ya Billie Holiday, inasindikizwa na banjo. Albamu haikuuzika. Ilitolewa upya mwaka 2006, miaka 13 baada ya kifo chake, ndipo ikapata heshima iliyostahili tangu mwanzo.