Ukaguzi wa poti za mtandao katika Linux

Ukaguzi wa poti ni kazi ya kutambua programu inayoshikilia poti fulani ya mtandao, yaani nambari kati ya 0 na 65535 inayouambia mfumo pakiti iliyoingia ni ya nani. Mtunza seva hufanya ukaguzi huo programu inapogoma kuwaka kwa kudai kwamba anwani inatumika tayari, au anapotaka kujua watu wa nje wanaona nini.

Mfano wa seva inayohitaji ukaguzi huo ni ile ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo inautumia, na ripoti za kanda za afya za mkoa wa Lualaba, Mutshatsha ikiwamo, huingizwa humo. Seva yake kwa kawaida ni mashine ya Linux yenye Nginx kwenye poti 443, Tomcat kwenye 8080 na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye 5432. Inayostahili kuonekana mtandaoni ni ile ya kwanza peke yake.

Amri ya kuanzia ni:

sudo ss -tulpn

Herufi t na u huomba poti za TCP na UDP, l zile zinazosikiliza tu, p jina la programu pamoja na nambari ya mchakato (PID), na n huzuia nambari zisigeuzwe majina. Bila sudo poti zitaorodheshwa, lakini majina ya programu za watumiaji wengine hayatatokea.

Wengi hukimbilia kusoma nambari ya poti, ilhali habari nzito iko kwenye anwani inayoitangulia. 127.0.0.1:5432 maana yake hifadhidata inaongea na programu za mashine hiyohiyo tu; 0.0.0.0:5432 maana yake inasikiliza kwenye kila anwani ya IPv4 ya seva, na kama hakuna ukuta wa moto, yeyote anayeifikia seva anaweza kubisha. Katika IPv6 hali hiyo huandikwa [::]. Tofauti hii ni nzito zaidi viwandani na migodini, ambako itifaki ya Modbus, inayotumia poti 502 kuongoza pampu na mitambo, haikuundwa na nywila yoyote.

Jina la programu hupatikana hivi: Linux huweka orodha ya soketi za TCP katika /proc/net/tcp, kila moja na nambari yake ya inodi. Nambari hiyohiyo huonekana katika /proc/PID/fd ya mchakato unaoishikilia. Kuoanisha sehemu hizo mbili ndiyo siri yote. Amri ya zamani netstat, ya kifurushi cha net-tools, hufanya hivyohivyo, ila mifumo mingi mipya haiji nayo; ss huja na iproute2. Kwa poti moja, sudo lsof -nP -i :8080 hutosha. Amri fuser pia hutaja mwenye poti, lakini ikipewa -k humuua bila kuuliza, jambo lisilofaa kwenye seva yenye data za watu.

Majibu ya ss huweza kupotosha. Jina likiwa systemd, PID 1, huenda mfumo umeishika poti kwa niaba ya huduma ambayo bado haijawashwa. Likiwa docker-proxy, programu yenyewe imo ndani ya kontena ya Docker, na ss ya mashine mama haioni soketi za huko ndani. Docker ina hila nyingine: poti inayotangazwa bila kutajiwa anwani hufunguliwa kwenye anwani zote, na kanuni zake za iptables huupita ukuta wa moto wa ufw. Anayetaka poti ibaki ndani aandike 127.0.0.1:8080:8080 anapoanzisha kontena, kisha aijaribu kutoka kompyuta nyingine.