Mnunuzi wa Kwanza wa Muziki wa Mfukoni

Kabla ya mwaka 1998, mtu aliyekwenda dukani kutafuta chombo cha kusikilizia muziki alijiuliza maswali machache, na yote yalihusu chombo chenyewe. Je, sauti yake ni safi? Je, uzito wake unachukulika? Je, bei yake haiumizi mfuko? Hapana aliyejiuliza kama kaseti zake zitakubaliwa na mtambo mpya. Kaseti iliyorekodiwa Cairo iliingia katika redio ya Mombasa bila kuomba ruhusa, na Walkman, ambayo Sony ilianza kuiuza Japani tarehe 1 Julai 1979, haikumhoji mwenyewe amezipata wapi nyimbo zake. Chombo kilikuwa mtumishi, na mtumishi aliweza kubadilishwa bila mali ya nyumba kupotea.

Desturi hiyo ilivunjika katika muda wa miaka michache, na aliyeshuhudia kuvunjika kwake kwa karibu zaidi ni mnunuzi wa chombo cha kwanza cha muziki wa kidijitali, hasa katika Marekani ambako mashindano ya vyombo hivi yalikuwa makali. Mtu huyo alitazama kasha, vitufe na bei, wala hakuona kuwa pamoja na kasha alikuwa anachagua sheria ambayo nyimbo zake zingeishi chini yake.

Asili ya jambo lenyewe ni hesabu. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na mikondo ya sauti ni miwili. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde moja, mzigo ambao kompyuta za wakati ule na nyaya za simu hazikuweza kuuchukua. Katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg na wenzake walitafuta njia ya kuupunguza mzigo huo, wakategemea udhaifu wa sikio la mwanadamu. Sikio halisikii kila kinacholifikia. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, sauti hafifu iliyo karibu nayo hufunikwa, na kilichofunikwa chaweza kuachwa bila msikilizaji kukihuzunikia. Wimbo wa Suzanne Vega uitwao “Tom's Diner”, ulioimbwa bila ala yoyote, uliwatoa jasho, maana sauti ya mtu iliyo peke yake haina mahali pa kufichia kosa. Kanuni yao ilikubaliwa kimataifa mwaka 1992, na mwezi wa Julai 1995 faili zake zikapewa alama ya MP3. Kwa kiwango kilichozoeleka cha biti 128,000 kwa sekunde, wimbo ulibakiwa na sehemu moja tu kati ya kumi na moja za ukubwa wake.

Chombo cha kwanza cha mfukoni kilichouzwa kwa umma kwa ajili ya faili hizo kilikuwa MPMan F10 cha kampuni ya Saehan ya Korea ya Kusini, kilichoonyeshwa Hannover mwezi wa Machi 1998. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo kampuni ya Diamond Multimedia ya California ilitangaza Rio PMP300 kwa bei ya kama dola 200. Rio ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Sauti ya CD isiyobanwa ingaliijaza nafasi hiyo kwa dakika tatu na sekunde chache. Kwa MP3 ilitosha kama dakika 35.

Dola 200 kwa muziki wa nusu saa na ushei! Kaseti moja ya kawaida ilichukua dakika 90, na mtambo wake ulipatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Aliyekinunua chombo hiki kwa kuhesabu dakika alikuwa mtu wa hasara. Lakini kilikuwa na sifa ambayo kaseti na CD hazikuwa nayo: ndani yake hapakuwa na kitu kinachozunguka. Mwenye kukimbia alikimbia nacho bila wimbo kurukaruka, na betri moja ndogo ilikitosha kwa saa nyingi. Ufinyu wake nao ulizaa tabia mpya. Jioni mwenye Rio aliketi mbele ya kompyuta, akaunganisha waya kwenye tundu la printa, akafuta nyimbo za jana na kutia za kesho. Alilazimika kukata shauri, kati ya nyimbo zote alizokuwa nazo, zipi kumi zilistahili safari. Yamkini hapana msikilizaji aliyewahi kuzijua nyimbo zake kwa udhati kama huyo aliyelazimishwa na uchache wa nafasi.

Makampuni ya kurekodi hayakutazama uchache huo. Yaliona mlango. Mwezi wa Oktoba 1998 chama chao, RIAA, kilifungua shauri katika mahakama ya California kuzuia Rio isiuzwe. Hoja ilisimama juu ya Sheria ya Kurekodi Sauti Majumbani ya mwaka 1992, iliyomtaka kila mtengenezaji wa chombo cha kurekodi kidijitali atie ndani yake kizuizi cha kunakili nakala, na alipe ushuru kwa wenye nyimbo. Rio haikuwa na kizuizi hicho, wala Diamond haikulipa. Jaji Audrey Collins alikataa kutoa zuio mwezi huohuo, na mwezi wa Juni 1999 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ikaafiki kukataa huko, kwa sababu zinazostahili kusomwa polepole.

Mahakama ilisema kwamba Rio haipokei wimbo moja kwa moja kutoka katika CD wala redio. Hupokea kutoka katika diski ya kompyuta. Diski ya kompyuta hubeba programu na maandishi ya kila namna, kwa hiyo haiwezi kuitwa “rekodi ya muziki” kwa maana ya sheria ile. Kama chanzo si rekodi ya muziki, basi kinachonakili kutoka humo si chombo cha kurekodi muziki. Mtu asiye mwanasheria aweza kutabasamu hapa: kompyuta, iliyoweza kunakili wimbo mara elfu, ilikuwa nje ya sheria, na kwa fadhila yake Rio nayo, iliyobeba nyimbo kumi, ikatoka nje. Lakini mahakama iliongeza jambo zito zaidi. Ilikumbuka hukumu ya mwaka 1984, iliyomruhusu mwenye televisheni kurekodi kipindi ili akitazame baadaye, ikasema kuwa mwenye Rio anafanya jambo linalofanana na hilo: huyu anahamisha mahali pa kusikilizia, kama yule alivyohamisha wakati wa kutazama. Nyimbo ni zake tayari. Anazitoa mezani na kuzitia mfukoni.

Kwa hukumu hiyo biashara ilifunguka. Kampuni ya Hango iliuza kuanzia mwaka 1999 Personal Jukebox, kilichobuniwa katika maabara ya Compaq, chenye diski ya gigabaiti 4.8, nafasi ya saa 80 hivi za muziki, kwa kama dola 800. Mwaka 2000 Creative ya Singapuri ilitoa Nomad Jukebox ya gigabaiti 6, iliyokuwa na umbo la mtambo wa CD wa kubebwa mkononi, yaani haikuingia katika mfuko wowote wa adabu. Sasa mnunuzi alikuwa njia panda. Achukue chombo chepesi kisichotikisika, chenye nyimbo kumi, au achukue maktaba nzima iliyo nzito, inayokula betri na kuogopa kuangushwa? Tena maktaba hiyo ilijazwa kwa waya wa USB ya kwanza, ambao hata ungetimiza ahadi yake yote ya megabiti 12 kwa sekunde ungechukua zaidi ya saa nzima kupitisha gigabaiti 6. Na nyimbo za kuijaza zilitoka wapi? Baadhi zilitoka katika CD za mwenyewe. Nyingine, na hili halikuwa siri, zilitoka Napster, iliyofunguliwa mwaka 1999 na kunyamazishwa mwezi wa Julai 2001, ambako watu walibadilishana faili bila mwimbaji kupata hata senti.

Apple ilipotangaza iPod tarehe 23 Oktoba 2001, haikuleta jambo ambalo halikuwapo. Ilichukua diski ndogo ya Toshiba ya gigabaiti 5, ikaipatia waya wa FireWire wenye kasi mara nyingi kuliko USB ya wakati huo, ikafunga vyote katika kasha la gramu 184 kwa dola 399. Ili muziki usikatike chombo kikitikiswa, ndani yake mlikuwa na kumbukumbu ya kungojea ya megabaiti 32. Ukubwa wote wa Rio, ulioshitakiwa miaka mitatu kabla, ulikuwa sasa chumba cha kungojea cha iPod.

Hapa ndipo mnunuzi alipoanza kuonja sheria mpya bila kuitambua. iPod ya kwanza ilikubali kompyuta za Macintosh peke yake. Mwenye Windows alingoja hadi mwaka 2002. Kwa upande wake Sony, iliyoufundisha ulimwengu kutembea na muziki, ilikuwa pia na kampuni ya nyimbo, na mikono yake miwili haikupatana. Vyombo vyake vya kumbukumbu vilidai kila faili igeuzwe kuwa ATRAC, umbo lake mwenyewe, na kwa miaka kadhaa vilikataa MP3 hadi mwaka 2004 ulipokaribia kwisha. Aliyeinunua Walkman mpya kwa heshima ya ile ya zamani aligundua nyumbani kuwa jina lilikuwa lilelile na tabia ilikuwa nyingine.

Tarehe 28 Aprili 2003 Apple ilifungua duka la nyimbo kwa senti 99 kila mmoja. Huu ulikuwa msaada wa kweli: kwa mara ya kwanza mtu mwaminifu aliweza kununua wimbo mmoja kwa njia rahisi, na mwenye kazi akapata fungu lake. Lakini wimbo ulikuja na kufuli, na kati ya vyombo vya mfukoni ufunguo wake ulikuwa ndani ya iPod tu. Microsoft nayo ilikuwa na kufuli lake, ikalitangaza mwaka 2004 kwa watengenezaji wengi chini ya jina PlaysForSure, yaani kinapiga bila shaka. Mwezi wa Novemba 2006 Microsoft hiyohiyo ilitoa chombo chake cha Zune, ambacho nyimbo za PlaysForSure hazikupiga ndani yake. Jina hilo limebaki miongoni mwa majina yenye kejeli ambayo wenyewe hawakuikusudia.

Uzito wa jambo hili waonekana katika hesabu ndogo. Aliyenunua iPod kwa dola 399, kisha akanunua nyimbo 400 za duka lake, alikuwa ametumia dola 396 kwa nyimbo. Chombo kilipochakaa, nusu ya mali yake ilikuwa bado nzima, ila haikukubali bwana mwingine. Palikuwapo njia ya kuzichoma nyimbo katika CD na kuzirudisha kwenye kompyuta zikiwa huru, kwa kupoteza kidogo cha ubora na muda mwingi. Wachache walikuwa na subira hiyo. Aghalabu mtu alinunua iPod nyingine, naye akasema ameichagua kwa hiari yake.

Mwezi wa Aprili 2008 Microsoft iliwaarifu wateja wa duka lake la MSN Music, lililokuwa limekwisha fungwa, kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka huo haitatoa tena funguo kwa kompyuta mpya. Watu walikuwa wamelipa, hawakuwa wamekopa. Kelele zikawa nyingi hata kampuni ikasogeza muda hadi mwisho wa mwaka 2011. Makampuni ya kurekodi yenyewe yalikwisha anza kuchoka na makufuli, kwa kuwa yaliona yanampa Apple nguvu juu yao: EMI iliyaondoa mwaka 2007, na mwezi wa Januari 2009 Apple ilitangaza kuyaondoa katika nyimbo za duka lake.

Katika Afrika Mashariki uchaguzi huu ulichukua sura nyingine. Walio wengi hawakupata kusimama mbele ya kabati la kioo wakipima Rio na iPod. Muziki wa kidijitali uliwafikia ndani ya simu yenye kadi ya kumbukumbu, na aliyetaka nyimbo alimpelekea kijana wa kibanda mwenye kompyuta, akatiliwa taarabu, dansi na Bongo Fleva kwa malipo madogo. Aghalabu faili zile zilikuwa MP3 zisizo na kufuli; kadi ilitoka katika simu moja ikaingia katika nyingine, kama kaseti za zamani. Uhuru huo ulikuwa na mlipaji wake, naye ni mwimbaji, ambaye malipo ya kibandani hayakumfikia. Anayelaumu makufuli ya California kwa haki hana budi kumweka mwimbaji huyu katika mizani hiyohiyo, na mizani haitulii upesi.

Mwezi wa Aprili 2017 Fraunhofer ilisimamisha kutoa leseni za MP3, hataza zake zikiwa zimekwisha muda, na mwezi wa Mei 2022 Apple ikatangaza kuacha kutengeneza iPod ya mwisho. Faili iliyotiwa katika Rio mwaka 1998, ikiwa mwenyewe alikumbuka kuinakili kabla diski ya kompyuta yake haijaharibika, hufunguka leo katika simu ya kawaida.