Kila Mtunzi na Anayemwambia: Chimbuko la Utunzi wa Kiswahili, Pate Hadi Ukerewe

Watu hupenda kuamini kwamba utunzi humshukia mtu peke yake, usiku, kama ndoto. Historia ya fasihi ya Kiswahili haiungi mkono imani hiyo. Ukizifuata kazi zake kuu kwa karne tatu, utaona kuwa nyingi zilianza pale mtunzi alipokuwa na mtu wa kumwambia jambo, na jambo lenyewe lilikuwa halingojeki.

Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni miongoni mwa tenzi kongwe zaidi za Kiswahili tulizo nazo. Bwana Mwengo bin Athumani aliutunga katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, kwa agizo la sultani. Kisa chenyewe, vita vya Waislamu na Warumi wa Bizantini, kilikuwa kimekwisha kusimuliwa kwa Kiarabu. Mtunzi hakukibuni. Kazi yake ilikuwa kukipa lugha ya nyumbani na mizani inayoimbika, ili kipate kusikika katika baraza ya mtawala.

Karne moja haikupita kabla fahari ya Pate kuanza kudidimia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu iliwashinda Pate na Mombasa katika vita vya Shela, na majumba ya matajiri yakawa magofu. Katika zama hizo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Safari hii hakuna sultani aliyeagiza. Mtunzi anausemeza moyo wake mwenyewe, akiuonyesha kumbi tupu na mabwana waliokwisha kuwa udongo. Mafundisho ya dini kuhusu dunia ipitayo yalijulikana tangu zamani. Magofu ndiyo yaliyoyafanya yaonekane kwa macho.

Kusini zaidi, Mombasa, Muyaka bin Haji (1776–1840) alikuwa na hadhira nyingine kabisa: watu wa mji wake, marafiki na mahasimu. Aliishi chini ya watawala wa ukoo wa Mazrui waliokuwa wakivutana na masultani wa Busaidi wa Oman na Zanzibar, na mashairi yake yalijibu habari za siku hiyo: vita, biashara, mapenzi, ukata. Ushairi uliozoea wasia na visa vya mitume ukaingia sokoni na barazani. Na kwa kuwa shairi moja lilizaa jingine la kulijibu, mpinzani alikuwa chemchemi ya utunzi sawa na rafiki.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia kuhusu dini, adabu na ndoa. Karibu miaka miwili baadaye akafariki. Alimtungia msikilizaji mmoja, na utendi wake ukawafikia maelfu.

Shaaban Robert (1909–1962), mtumishi wa serikali ya kikoloni mzaliwa wa karibu na Tanga, aliichukua njia hiyo hiyo. Alitunga tenzi za mawaidha, mmoja kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe, na akamlilia mkewe Amina kwa shairi. Lakini alikwenda mbali zaidi ya nyumba yake. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba aliyepanda hadi kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu Zanzibar. Maisha ya mtu wa kawaida, tena mwanamke, tena aliye hai kwenye kumbukumbu za watu, yakawa mada ya kitabu.

Baada ya hapo milango ilifunguka kila upande. Muhammed Said Abdulla aliwasoma wapelelezi wa hadithi za Kiingereza, akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile (1969) wakati wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakikusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Maji Maji. Hakuandika historia: alitumia jina la Kinjeketile, kiongozi wa vita hivyo vya 1905, kuuliza swali la taifa changa kuhusu imani na uongozi. Adam Shafi, katika Kuli (1979), aliurudia mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948.

Kuna pia waliopata chanzo pale walipozuiwa kusema. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya, uliouliza nchi inaelekea wapi. Akiwa gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Arudhi za kale alizozirithi Mombasa zilimfaa, kwani shairi lenye vina na mizani hukaa kichwani hata karatasi ikikosekana.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyegeuza mwelekeo wa mazungumzo haya ya muda mrefu. Rosa Mistika (1971) inamhusu binti aliyelelewa kwa ukali na baba, akaenda shuleni bila maarifa ya kujilinda, akaangamia. Riwaya ilizuiwa shuleni kwa muda. Mwana Kupona alimwambia binti namna ya kuishi, na Shaaban Robert naye vivyo hivyo. Kezilahabi anamwambia mzazi. Mada ni ile ile, malezi ya binti, ila aliyeketishwa chini kusikiliza ni mwingine.

Anayetafuta cha kuandika leo hana haja ya kungoja ndoto. Ajiulize ni nani katika jamii yake huwaambia wengine kila siku, na yeye haambiwi.