Kinyago, Jando na Eneokazi la Linux

Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, na usoni huvaa kinyago cha mti mwepesi. Kwa wanawake na watoto, huyo anayetokeza uwanjani si mtu. Mvulana hupewa siri jandoni: kinyago huvuliwa mbele yake, na ndani anamkuta mtu wa kijijini, pengine mjomba wake. Tangu hapo haogopi tena, ila anabeba wajibu wa kukificha alichokiona.

Iko mila nyingine, changa, inayohusu vilevile kilicho nyuma ya sura. Ni mila ya watu wanaojitengenezea mandhari na apleti (programu ndogo za kwenye paneli) za eneokazi la Linux. Leseni ya GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1989, humpa kila aliyepata programu haki ya kuuona msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Humo kinyago huvuliwa hadharani, na anayetazama haulizwi umri, jinsia wala ukoo. Naziweka mila hizi bega kwa bega kwa sababu naamini watu wa Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, wana kazi ya kufanya ndani ya hii changa, kazi ambayo hakuna mgeni atakayewafanyia.

Tuchukue Cinnamon, eneokazi la Linux Mint. Ilizaliwa mwaka 2011, pale Clement Lefebvre na wenzake wa Linux Mint walipoikataa sura mpya ya eneokazi la GNOME 3, wakauchukua msimbo wake na kuanza kuuchonga upya. Mandhari ya Cinnamon ni faili la maandishi ya CSS: rangi ya paneli, unene wa mipaka, ukubwa wa herufi. Apleti ni folda yenye mafaili mawili ya lazima, metadata.json linaloitambulisha na applet.js linalofanya kazi. Jina la folda lisipolingana herufi kwa herufi na kitambulisho kilichoandikwa ndani ya metadata.json, apleti haipakiwi, na wanaoanza wengi hukwama hapo. Ukibonyeza Alt na F2, ukaandika lg, hufunguka Looking Glass, dirisha linalokuonyesha kila kipande cha eneokazi kimeundwa na nini, na kosa limetokea mstari wa ngapi. Kwa mila ya mapiko, hapo ndipo kinyago kinapovuliwa.

Sasa mfano wa kwetu. Kompyuta husema 13:00, na mwenye kompyuta husema saa saba mchana. Kuandika apleti ya saa ya Kiswahili ni kazi ya jioni moja: chukua saa ya kompyuta, jumlisha 6, gawanya kwa 12, shika baki. Saa 13 inakupa 7, saa 9 inakupa 3. Ukiijaribu mchana kutwa, haikosei. Lakini ikifika 6:00 alfajiri, 6 na 6 ni 12, na 12 kwa 12 haibakizi kitu. Paneli itaandika saa 0 asubuhi, na jioni kuanzia 18:00 itarudia kosa hilohilo kwa muda wa saa nzima. Looking Glass haitasema neno, maana mashine imetii ilichoambiwa. Dawa yake ni mstari mmoja: baki ikiwa 0, andika 12. Ila wa kuliona kosa ni mtu ambaye saa kumi na mbili ni saa yake ya kuamka na kufunga kazi. Makosa ya namna hii yanangoja wenyeji.

Hitilafu nyingine ni ya adabu ya kumaliza. Saa hujisahihisha kwa kipima muda kinachoiamsha kila baada ya muda fulani. Mwandishi akisahau kukizima apleti inapoondolewa kwenye paneli, kipima muda huendelea kuamka na kutafuta kitu ambacho hakipo tena, na makosa yanajaa katika faili la .xsession-errors. Mapiko hayana uzembe huo: ngoma ikiisha, kinyago huondolewa na kuhifadhiwa panapojulikana, kwa mikono inayojulikana.

Mila hizi zinaachana zaidi mbele ya kasoro. Inasimuliwa kuhusu Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam, kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 sanamu yake ya mtu ilivunjika mkono. Badala ya kuitupa aliigeuza kuwa kiumbe kisicho cha kawaida, na mfanyabiashara Mohamed Peera akamtia moyo aendelee. Huko ndiko kunakotajwa chanzo cha mtindo wa shetani. George Lilanga, mzaliwa wa wilaya ya Masasi mwaka 1934, aliyapeleka mashetani hayo kwenye rangi, na picha zake zikafika Ulaya na Marekani. Mpingo unamruhusu mchongaji kuufuata ufa. Msimbo hauruhusu. Nukta mkato ikikosekana kati ya maagizo mawili ya CSS, maagizo hayo hupuuzwa, na hakuna urembo unaozaliwa hapo. Ndiyo maana uhuru wa mtengeneza mandhari ni mpana kwenye rangi na mwembamba kabisa kwenye maandishi yenyewe.

Mila ya tatu iko chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde, Masasi, kati ya Wamakua na Wayao. Padri Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, hakulipiga marufuku jando. Aliibakiza kambi, tohara, mafundisho na sherehe ya kurudi nyumbani, akaingiza ndani yake sala na mafundisho ya Kikristo. Mtengeneza mandhari hubadili sura na kuacha utendaji. Lucas alibadili kiini na kuacha sura. Kwangu kazi ya Lucas ni nzito zaidi, na ya hatari zaidi, kwa sababu mtu anayeiona sura aliyoizoea haulizi kilichobadilishwa ndani.

Ugomvi wa nani mwenye sura upo hata kwenye Linux. Mwaka 2019 kundi la waandishi wa programu za GNOME lilitoa waraka likiwasihi wasambazaji wasibadili sura za programu zao: mandhari ya mtu mwingine huficha aikoni, hufanya maandishi yasisomeke, kisha lawama humrudia mwandishi. Hoja hiyo ni ya kweli. Baadaye ikaja libadwaita, maktaba ya GNOME inayofunga sura kwa makusudi, na Linux Mint wakajibu kwa libAdapta, nakala yake inayokubali mandhari.

Mimi nasimama na Linux Mint, nikiwa na sharti kutoka uwandani: aliyeichonga sura abaki karibu nayo. Mchongaji wa mapiko ana uhuru mkubwa wa uso: vimechongwa vinyago vya wazee, vya askari, vya Wazungu. Uhuru huo unadumu kwa sababu mchongaji yuko karibu na ngoma. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906, na vinyago alivyokusanya vikaenda Leipzig, mbali na mikono iliyojua kuvichezesha. Mandhari iliyotelekezwa na mwandishi wake hupatwa na hali hiyo toleo jipya linapotoka: GTK 3.20, toleo la mwaka 2016 la maktaba inayochora madirisha ya programu, ilibadili majina ya vipande vya CSS, na mandhari nyingi zisizo na mlezi zikaharibika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta wa Newala na Masasi waanze na apleti ya saa. Wawape wanafunzi folda tupu na mafaili mawili, wawaache waipate ile 0 ya alfajiri wenyewe, wairekebishe, kisha waitoe kwa leseni huru. Mwalimu amteue mwanafunzi mmoja wa kuilea kila Cinnamon inapotoa toleo jipya, na akimaliza shule, jina la mlezi mwingine liandikwe kabla hajaondoka.