Kisiwa cha Stroberi Kilivyoangukia kwa Wenye Nazo

Katika kisiwa cha Bainbridge, magharibi ya Seattle nchini Marekani, shule moja ya umma inaitwa Sakai na nyingine Woodward. Sonoji Sakai alikuwa mkulima mhamiaji kutoka Japani, aliyeiuzia wilaya ya elimu ardhi yake. Walt na Milly Woodward, mtu na mkewe, walichapisha gazeti la kisiwani, Bainbridge Review. Ukitaka kujua watoto wa nani walikaa kwenye madawati ya kisiwa hicho, anzia kwa watu hao watatu.

Wenyeji ni Wasuquamish, ambao mkataba wa mwaka 1855 uliwabakishia ardhi ng'ambo ya mlango wa bahari. Kisha kikaja kiwanda cha mbao cha Port Blakely, kilichoanza mwaka 1864. Miaka ya 1880 kilisifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, na Wajapani waliokifanyia kazi walijenga kijiji chao, Yama, jirani yake. Kilipofungwa mwaka 1922, kiliacha visiki.

Wajapani waling'oa visiki wakapanda stroberi. Sheria ya jimbo ya mwaka 1921 iliwanyima haki ya kumiliki ardhi, basi wengine waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani. Wafilipino walikuja kuchuma. Baadhi walioa wanawake wa makabila ya asili kutoka Kanada waliofuata kibarua hichohicho, na uzao wao hujiita Indipino.

Machi 30, 1942, miezi michache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, wanajeshi wenye bunduki waliwapandisha feri wakazi 227 wa asili ya Kijapani na kuwapeleka kambi ya kizuizi ya Manzanar, California. Wengi wao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Kabla hawajaondoka, kocha wa besiboli wa sekondari aliwachezesha vijana wake wote sita wa asili hiyo. Timu ilichapwa vibaya. Kwangu mimi, shule hiyo haijawahi kucheza mechi bora zaidi. Akina Woodward walipinga uhamisho huo gazetini bila kificho, na vijana waliokuwa kambini wakawa waandishi wao. Wafilipino walibaki wakitunza mashamba. Zaidi ya nusu ya waliohamishwa walirejea.

Vita viliyapunguza mashamba. Bei ya ardhi ikayamaliza karibu yote. Daraja la Agate Pass, linalovuka mlango huo wa bahari tuliotaja, lilifunguliwa mwaka 1950, na feri hufika katikati ya Seattle kwa dakika 35 hivi, kwa hiyo wenye mishahara minono ya mjini wakahamia kisiwani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 24,825, zaidi ya robo tatu wakiwa Wazungu. Sehemu ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ambayo wapiga kura wenyewe huiidhinisha, na wazazi wenye uwezo huchangia juu yake.

Mchuma stroberi akifika huko leo hamudu kodi ya nyumba, na mtoto wake atasoma kwingine.